Panga Gombe kuanzia jioni, si kuanzia asubuhi

Safari nyingi za vikundi kwenda kuona sokwe katika Hifadhi ya Gombe, kaskazini ya Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika, huharibikia mezani, wiki tatu kabla ya mtu yeyote kukanyaga maji. Ratiba huandikwa kuanzia asubuhi: kuamka, chai, boti, sokwe, chakula, kurudi. Ukiisoma inapendeza. Kisha ifikapo saa nane mchana watu kumi na wawili wamekaa kwenye changarawe za ufukwe wa Kasekela, pale boti zinaposhusha wageni wa hifadhi, nusu wameona sokwe na nusu hawajaona, nahodha anatazama upande wa kusini na kutikisa kichwa, na mweka hazina anahesabu upya fedha ambazo hazipo.

Tuchukue kundi la mfano: watu 12 kutoka Tabora, wafanyakazi wa ofisi moja na ndugu zao wawili watatu, wanaofika Kigoma jioni na kutaka kwenda Gombe kesho yake na kurudi siku hiyohiyo. Vifaa vyao vya kupangia ni vile ambavyo karibu kila mtu anavyo mfukoni. Wana jedwali la Excel au Google Sheets, ramani ya simu, programu ya upepo, kalenda na kikundi cha WhatsApp. Hakuna cha kununua. Kinachowaponza ni namna wanavyovitumia.

Aliyewahi kusikia habari za viwanja vya burudani vya Marekani, kama vile vya Disney, anajua kuwa wageni wa kule hutembea na programu inayowaonyesha foleni ya kila mchezo kwa dakika, ili mtu akimbilie penye foleni fupi. Gombe hakuna programu ya namna hiyo, ila foleni ipo. Sokwe huonwa na kundi la watu wasiozidi sita kwa wakati mmoja, kwa saa moja tu. Watu 12 ni makundi mawili. Siku ambayo waongozaji wamewapata sokwe mahali pamoja tu, kundi la pili linasubiri la kwanza limalize. Huo ndio mlango mwembamba wa safari nzima, na ratiba iliyoandikwa kuanzia asubuhi haiuonyeshi.

Wiki nne kabla huwa ni habari ya fedha. Gharama ziko za aina mbili na zisichanganywe kwenye safu moja ya jedwali. Ziko za kichwa: kiingilio, malazi, chakula, nauli ya kutoka Tabora. Na ziko za jumla, ambazo hazipungui hata watu wakipungua: boti, mafuta na malipo ya waongozaji wa kundi. Kosa la kila mara ni kugawanya za jumla kwa idadi ya waliojiandikisha. Tuseme boti ni shilingi 400,000 (ni namba ya mfano, bei halisi mtaelewana na mwenye boti). Kwa watu 12 kila mmoja anatoa 33,333. Wakijitoa watatu wiki ya mwisho, na hujitoa kweli, waliobaki tisa wanapaswa kutoa 44,444, yaani zaidi ya elfu kumi na moja juu kwa kila mtu, na hapo ndipo maneno huanza. Gawanya kwa idadi ya chini unayoamini itafika, mathalani tisa, kusanya kwa kiwango hicho, na wakitimia kumi na wawili rudisha chenji. Hakuna aliyewahi kumnunia mweka hazina kwa kurudishiwa fedha.

Kiingilio cha hifadhi hakilipwi kwa noti mkononi. Unaomba, unapewa kumbukumbu namba ya malipo, ile watu wanayoiita kontro namba, yenye tarakimu 12 zinazoanza na 99, kisha unalipa benki au kwa simu. Yako mambo matatu yanayokwamisha watu hapa. La kwanza, ankara hutolewa kwa idadi ya watu na aina yao. Raia wa Afrika Mashariki ana bei yake na mgeni ana yake, na tofauti si ndogo. Mtu akiongezeka au kupungua baada ya ankara kutoka, ni bora kuomba nyingine kuliko kwenda kubishana kwenye kaunta ya ufukweni. La pili, kontro namba ina tarehe ya kuisha. Iandike kwenye kalenda na kengele ya siku mbili kabla. La tatu, akaunti ya simu ina kikomo cha muamala, na mweka hazina anayekusanya fedha za watu 12 kwenye laini moja anaweza kukigonga usiku wa kuamkia safari. Lipa mchana, siku ya kazi, ili kukitokea tatizo pawe na mtu wa kupokea simu upande wa pili. Kila mmoja aje na kitambulisho cha Taifa chenyewe. Picha iliyomo kwenye simu ya mtu aliyebaki Tabora haimsaidii mtu.

Kabla ya kupokea mchango wa mtu yeyote, uliza umri. Watoto chini ya miaka 15 hawaruhusiwi kwenda kufuatilia sokwe Gombe. Familia nyingi huligundua hili wakiwa wameshanunua tiketi za treni. Kama watoto wapo, gawa safari mapema: mzazi mmoja abaki nao Kigoma, awapeleke Ujiji kwenye makumbusho ya Livingstone, ambako Stanley alimkuta mwaka 1871, wakale samaki aina ya mgebuka, waogelee. Ni siku nzuri kwao, ili mradi wameambiwa tangu nyumbani na si mwaloni, pale boti zinapopakia.

Sasa saa. Ratiba iandikwe kuanzia jioni kurudi nyuma.

Jedwali la kazi hii lina safu nne: hatua, dakika, saa ya kuanza, na saa ya kuanza kwa Kiswahili. Mstari wa chini kabisa ni saa ya kurudi Kibirizi, mwalo wa Kigoma zinakotokea boti. Ukiweka saa hiyo kwenye C10, na dakika za hatua inayoitangulia kwenye B9, basi C9 inaandikwa =C10-B9/1440. Namba 1440 ni dakika za siku nzima, kwa sababu jedwali huhesabu saa kama sehemu ya siku. Iburute fomula hiyo kwenda juu, uzipe seli muundo wa saa, na safari yote itajipanga yenyewe kutoka mwisho. Ukibadilisha dakika za hatua moja, saa ya kuondoka inasogea papo hapo mbele ya macho yako. Hiyo ndiyo faida ya jedwali juu ya karatasi.

Safu ya nne si pambo. Mtu akiandika 12:00 kwenye kikundi, nusu ya kundi inaelewa adhuhuri na nahodha anaelewa alfajiri. Mazungumzo huenda hivi kwenye simu:

“Nahodha, basi kesho kumi na mbili kamili.”

“Haina shida mzee, kumi na mbili tuko wote.”

Wote wawili wameridhika na kila mmoja ana saa yake kichwani. Andika “saa 12 alfajiri” au “saa 6 mchana” kila mahali, na umwombe nahodha airudie kwa mdomo wake, na neno alfajiri ndani yake.

Tujaze jedwali. Jua la Kigoma huzama karibu na saa 1 jioni. Usiweke kufika Kibirizi saa 12:30 jioni eti bado kuna mwanga. Injini ikizima katikati ya njia unahitaji saa mbili tatu za kuonekana na kusaidiwa. Weka saa 10 jioni. Kurudi kwa boti ya mbao yenye injini ya kupachika ya nguvu farasi 40, kwenye upepo, hesabu dakika 150, kwa hiyo mnaondoka Kasekela saa 7:30 mchana. Chakula, kutia saini na kupakia ni dakika 45, kwa hiyo mmetoka msituni saa 6:45. Kushuka kutoka waliko sokwe dakika 60, yaani mmewaacha saa 5:45. Kundi la pili limekaa nao dakika 60 kuanzia saa 4:45, kupokezana dakika 15, kundi la kwanza limeanza saa 3:30. Kuwatafuta na kupanda weka dakika 120. Siku nyingine ni dakika ishirini, siku nyingine ni saa tatu za milima, kwa hiyo 120 si ukarimu. Basi mnaanza kutembea saa 1:30 asubuhi. Kujiandikisha na kupewa maelekezo dakika 45. Mmeshuka ufukweni saa 12:45. Kwenda kwa boti dakika 105. Mmeondoka Kibirizi saa 11 alfajiri.

Hapo jedwali limeshakwambia ukweli ambao watu huupata ufukweni. Saa 11 alfajiri Kigoma ni usiku.

Wanaotoka mashariki ya nchi hulisahau hili zaidi. Saa ya Tanzania imefungwa kwenye longitudo 45, mstari unaopita baharini, mashariki ya nchi yote. Kigoma iko kwenye longitudo 29 na nusu na ushee. Kila digrii moja ni dakika 4 za jua, kwa hiyo jua la Kigoma liko nyuma ya saa ya ukutani kwa takriban saa nzima. Huchomoza karibu na saa 1 asubuhi, na mwanga wa kuona maji huanza kama dakika ishirini na kitu kabla ya hapo. Ukilinganisha na Dar es Salaam unachelewa kwa karibu dakika 40, na ukilinganisha na Tabora kwa robo saa kasoro. Programu yoyote ya hali ya hewa inaonyesha saa ya macheo; hakikisha tu umeiwekea Kigoma, maana simu iliyowekewa jiji jingine itakupa macheo ya huko bila kusema.

Giza hilo si la kuogopesha tu. Ndio muda ambao wavuvi wa dagaa wanarudi na nyavu zao, mitumbwi mingine taa zimeshazimwa. Nahodha mwenye akili hatakimbiza boti yenye abiria katikati yao. Kwa hiyo siku moja haiwatoshi watu 12, hata mkaamke mapema kiasi gani. Ondoa kundi la pili na mapokezano yake, dakika 75, saa ya kuondoka inasogea hadi 12:15. Ngoja mwanga hadi 12:35, punguza dakika ishirini kwenye chakula, na safari ya watu sita inaingia, kwa kubanana. Watu sita kwa siku moja, sawa. Zaidi ya hapo laleni Gombe, au gawanyeni siku mbili. Wapo watakaosema walikwenda kumi na watano wakarudi salama. Ni kweli, siku sokwe walipokuwa karibu na ufukwe na ziwa lilikuwa kama sahani. Ratiba haipangwi kwa siku hiyo.

Kulala kunafungua pia njia ya boti za abiria, zile zinazotoka Kibirizi kwenda vijiji vya kaskazini kama Mwamgongo hadi Kagunga mpakani. Ni rahisi kwa bei kuliko kukodi. Kwa kawaida huondoka mchana, husimama kijiji baada ya kijiji kwa zaidi ya saa tatu, na kurudi kwake hupita asubuhi mapema. Maana yake ni kwamba ukienda nazo unafika leo jioni, unaona sokwe kesho, unarudi keshokutwa asubuhi. Yaani mnalala mara mbili, malazi mawili. Weka hesabu hiyo kwenye jedwali kando ya boti ya kukodi. Kwa mtu mmoja au wawili boti ya abiria hushinda bila ubishi. Kadiri mnavyoongezeka, gharama ya malazi mawili kwa kila kichwa huikaribia na hatimaye kuipita ya kukodi. Tafuta namba ya watu ambapo mistari hiyo miwili inakutana, kwa bei mlizopewa nyinyi. Na muulize wakala wa mwaloni kuhusu Jumapili kabla ya kuichagua, maana mara nyingi boti hizo hazitoki siku hiyo.

Ramani ya simu ina kosa lake. Ukiiomba njia ya kwenda Gombe, programu ya barabara inatafuta barabara, na barabara haipo. Hifadhi hufikiwa kwa maji. Usichukue muda wowote wa safari kutoka huko. Pakua eneo lote kabla ya kuondoka mjini. Organic Maps na OsmAnd hufanya kazi bila mtandao kabisa, na Google Maps ina sehemu ya kupakua eneo. Tia alama mwalo wa Kibirizi, kijiji cha Mtanga kilicho njiani, Kasekela na Mwamgongo. GPS ya simu haihitaji bando wala mnara, husoma setilaiti, na kwenye simu nyingi huendelea hata ukizima mawasiliano yote ili kuokoa chaji. Mkiwa majini subiri dakika kumi boti itulie kwenye mwendo wake, soma kasi, kisha gawanya umbali uliobaki kwa kasi hiyo. Ikiwa imebaki kilomita 18 na mnakwenda 12 kwa saa, ni saa moja na nusu, hata kama mwenye boti aliahidi saa moja. Mkijua hilo mapema mnaweza kuwapigia simu wa upande wa pili kabla mtandao haujapotea.

Upepo unastahili muda mrefu zaidi kuliko watu wanavyoupa.

Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusini-mashariki hutawala Ziwa Tanganyika. Ziwa lina urefu wa kilomita zaidi ya 650, limelala kaskazini kwa kusini, kwa hiyo upepo wa kusini una uwanja mrefu wa maji wa kusukuma mawimbi. Gombe iko kaskazini ya Kigoma. Asubuhi mnakwenda upepo ukiwa mdogo na ukiwa mgongoni. Mchana mnarudi umeamka na unawapiga usoni. Ndiyo sababu jedwali lina dakika 105 za kwenda na 150 za kurudi, na ndiyo sababu anayeandika “boti: saa moja na nusu kwenda, saa moja na nusu kurudi” ameshapoteza saa moja na robo kabla ya kuanza. Kurudi ndiko kunakolowesha watu, na simu zao.

Tazama utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kwanza, kisha programu ya upepo ya Windy kwa saa baada ya saa. Ndani ya Windy linganisha mifano miwili ya kompyuta ya utabiri, ECMWF na GFS. Wa kwanza hugawa dunia katika miraba ya takriban kilomita 9, wa pili katika miraba mikubwa zaidi. Sasa fikiria Gombe: kutoka ufukweni hadi kilele cha ukingo wa bonde la ufa ni kilomita chache tu, na mlima unapanda mamia ya mita juu ya ziwa ambalo lenyewe liko mita 770 hivi juu ya bahari. Mraba mmoja unameza maji, bonde na mlima kwa pamoja na kukupa wastani. Upepo unaoshuka usiku kutoka mlimani na ule unaopanda mchana kutoka ziwani hupotea humo. Kwa hiyo mifano miwili ikitofautiana, shika iliyo kali. Ikikubaliana kwamba ni shwari, muulize bado nahodha. Kuanzia kilomita 20 kwa saa mawimbi yenye vichwa vyeupe huwa mengi. Boti inakwenda, lakini muda unarefuka na abiria wanatapika. Utabiri ukionyesha kilomita 30 kwa saa wakati wa kurudi, ahirisha. Na ukitaka kuahirisha bila kulia, uwe na siku ya akiba. Tiketi ya treni ya kurudi Tabora isiwe kesho yake asubuhi. Siku moja ya ziada Kigoma ni gharama ya kulala na kula, basi, nayo iingizwe kwenye mchango tangu mwanzo kwa jina lake, isiitwe dharura.

Mapatano na mwenye boti yaandikwe, hata kama ni ujumbe wa WhatsApp wa mistari mitano. Jumla ya fedha, malipo ya awali, nani ananunua mafuta, saa za kwenda na kurudi, na sharti kwamba upepo ukizuia safari malipo ya awali yanahamia siku inayofuata. Bila sharti hilo nahodha ana sababu ya fedha ya kuwaambia twende tu. Omba kuona cheti cha ukaguzi cha TASAC, shirika la serikali linalosimamia usafiri wa majini, na hesabu jaketi okozi kwa mkono, moja moja, ukivuta mikanda yake. Jaketi kumi kwa watu 12 na mabaharia wawili ni jaketi nne pungufu, si mbili.

Mafuta yana kanuni ya mabaharia wa kila mahali: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya akiba. Injini ya mipigo miwili ya farasi 40 kwenye mwendo wa kawaida, si wa kukanyaga hadi mwisho, tuihesabie lita 12 kwa saa. Dakika 105 za kwenda tuzikuze ziwe saa mbili, ni lita 24, kwa hiyo tangi na madumu yawe na 72. Kurudi kwenye upepo mtakula 30, si 24, na hiyo sita ya ziada inatoka kwenye akiba. Kama injini ni ya kuchanganya kwa moja kwa hamsini, lita 72 zinataka oili lita 1.44. Oili pungufu inaunguza pistoni, oili nyingi inachafua plagi, na injini inaanza kukohoa mkiwa mbele ya Mtanga. Plagi za akiba na spana yake ziwe kwenye boti. Uliza, kisha uonyeshwe.

Usiku wa kuamkia safari kuna swali moja gumu la kuuliza watu ana kwa ana: nani ana mafua? Nani anakohoa? Si adabu ya hoteli. Magonjwa ya binadamu, hasa ya njia ya hewa, huwaambukiza sokwe na huwaua, na Gombe imeshapita huko. Mwaka 1966 polio iliwakumba, na mwaka 1996 ugonjwa wa mapafu uliwaua kadhaa. Mwenye mafua haendi msituni. Anayetoka Tabora kilomita mia nne, amelipa, ameomba ruhusa kazini, halafu anaambiwa abaki ufukweni, atakasirika na ana haki ya kusikitika. Kumwambia usiku ni vigumu, kumwambia asubuhi mbele ya mwongozaji ni aibu. Andikeni kwenye tangazo la kwanza kabisa kwamba mgonjwa atabaki na sehemu ya fedha yake haitarudi, ili neno lisiwe geni. Barakoa ni mbili kwa kila mtu, maana moja italowa jasho kwenye kupanda.

Mzigo usiwe na hadithi. Maji lita mbili kwa mtu, viatu vyenye meno, suruali ndefu, koti la mvua kama ni kati ya Novemba na Aprili, betri ya akiba. Simu na vitambulisho viingie kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana. Mifuko ya rambo imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na hata hivyo haikuwa inazuia maji. Chakula kifungiwe ndani kabisa. Nyani wa Gombe wanafungua zipu, na ndizi za mtu zimeshawahi kuondoka na begi lake lote.

Kuhusu msimu, kiangazi njia ni kavu na mwanga wa picha ni mzuri, ila masika sokwe hawatawanyiki mbali sana na huweza kupatikana kwa kutembea kidogo, kwenye utelezi. Kundi la wazee wenye magoti mabaya lifikirie hilo kabla ya kukimbilia Julai kwa sababu ya likizo.

Msituni vifaa vinakwisha kazi karibu vyote. Kilichobaki ni saa. Kila sokwe mkubwa hujijengea kiota kipya jioni na kutoka asubuhi, kwa hiyo taarifa nzuri kuliko zote ni walipolala jana, na hiyo wanayo wafuatiliaji, si simu. Mkifika tu mwulizeni mwongozaji wenu swali moja: wamelala bonde gani, na ni kupanda kwa muda gani? Jibu hilo liingie mahali pa zile dakika 120, papo hapo ufukweni, na saa zote zilizo chini yake zisogezwe. Kama ni saa tatu, amueni palepale nani hawezi, apelekwe maporomoko ya Kakombe, ambayo ni matembezi mafupi, badala ya kumrudisha mtu nusu mlima na kundi zima likimsubiri.

Saa moja ya kuwatazama huanza mkiwafikia. Umbali ni mita kumi, na wao wakiukaribia mnarudi nyuma nyinyi. Zima mwanga wa kamera mkiwa bado ufukweni, mjaribu kwa kupiga picha kivulini ili kuhakikisha haiwaki. Sokwe ni mweusi na msitu una kivuli, kwa hiyo simu huongeza mwanga na picha inatoka na ukungu wa kutikisika. Gusa uso wake kwenye kioo, shikilia hadi ifunge, kisha shusha mwanga kidogo. Au rekodi video na uchague picha baadaye. Weka kengele ya mtetemo kwenye dakika ya 20, irudishe simu mfukoni, na dakika arobaini zilizobaki watazame kwa macho. Wengi hutoka na video 60 zinazofanana na hawakumbuki mtoto alikuwa mgongoni mwa nani.

Kushuka, kila hatua iandikiwe saa yake halisi. Mliondoka lini, mlifika lini, mliwapata lini. Safu ya tano ya jedwali ni ya hayo tu. Kama kupanda kulikuwa dakika 170 na nyinyi mliandika 120, safari ijayo ianze na 170. Mpe mtu mmoja kazi hiyo, asiyependa picha.

Mkifika Kibirizi, kabla ya kwenda kuchagua dagaa wa kupeleka Tabora, mwombe utingo achovye kijiti kavu kwenye dumu la akiba na mpime lita zilizobaki. Zikiwa chini ya kumi na tano, sema kwa sauti ili nahodha naye asikie, na namba hiyo ndiyo iandikwe juu kabisa ya jedwali, mahali ambapo watu huandika kaulimbiu ya safari. Dagaa wanunuliwe mwisho, wakavu, wa mchanga mdogo. Muuzaji akikuambia wameanikwa juzi, shika konzi moja uinuse kabla hujatoa fedha.